Kompyuta Iliyotiwa Pamba Puani

Miaka ile ya ruksa niliupenda ushindani kama mtoto anavyopenda sikukuu. Nyie mliozaliwa juzi hamwezi kujua. Sie tulipanga foleni kwenye duka la kaya kwa mche wa sabuni wa aina moja, rangi moja, na ukiuliza kama ipo nyingine unatazamwa kama mhujumu uchumi. Halafu ghafla, ruksa! Sabuni za kila harufu, magazeti ya kila namna, vyama vya siasa vikirushiana maneno viwanjani, na wauza mitumba wakaanza kuniita "mama mrembo" ili nisiende kwenye meza ya jirani yao. Mimi, Tabu binti Kondo wa Kiwalani, nikawa naingia sokoni najisikia bibi harusi. Kila mtu ananitaka! Napunguza bei, naondoka, naitwa, narudi. Raha tupu.

Kisha nikaingia kwenye ushindani kwa mlango wa pili, ule wa wenye mtaji, na raha yangu ikatumbukia nyongo.

Ilikuwa mwaka tisini na tano, mwaka wa kampeni na mgawo wa umeme. Kazi yangu ilikuwa kukodisha vyombo vya shughuli: viti, masufuria, majamvi, na maturubai ya kukinga jua na mvua kwenye harusi na misiba. Najma, mtoto wa kaka yangu, alikuwa amemaliza kozi ya kompyuta mjini na kazi hajapata. Siku moja akanikuta uani nasugua vyombo, akaniuliza:

"Shangazi, lile sufuria la mpini mmoja, Mfungo Mosi iliyopita lilikuwa kwa nani?"

"Kwa wale wa Yombo. Au Vingunguti. Hebu ngoja."

"Na aliyelirudisha limetoboka ni nani?"

"Si yule mama, yule mnene, mumewe fundi cherehani... jina lake liko hapa mdomoni."

"Databesi isingesema ngoja," akaniambia, macho yanamng'aa.

Akanieleza. Databesi ni kabati ndani ya kompyuta. Unatia majina na vitu vyako, kisha unauliza lolote, nalo linajibu kabla hujamaliza kupiga chafya. Zahanati zingeitaka, maduka ya vifaa vya ujenzi yangeitaka, shule za binafsi, magesti. Yeye angetengeneza programu na kuiuza. Alihitaji tu mtu wa kununua kompyuta iliyotumika na kulipia chumba barabarani, na mtu huyo angekuwa na nusu ya kampuni.

Nikauza turubai langu kubwa.

Naomba hapo msipapite haraka. Lilikuwa la kijani, zito, na ukilifungua lilifunika uwanja mzima wa mbele ya nyumba na kipande cha barabara. Masika yalipata kulinyeshea katikati ya harusi, watu wakaendelea kula pilau bila kuinua vichwa. Nililipata miaka ya dhiki kwa vitumbua, alfajiri kwa alfajiri, mpaka viganja vikaota sugu. Wanawake wengine wana dhahabu, mimi nilikuwa na turubai. Nikajiambia, Najma akifaulu nitalikomboa. Akianguka, basi limekwenda, na mimi nimebaki mama wa majamvi.

Mfanyabiashara mmoja wa Mbagala alilitaka sana, akataja bei nzuri. Tukiwa karibu kupeana mikono akatokea Leonardi, akataja bei kubwa zaidi, akalikunja, akaondoka nalo begani akicheka.

Leonardi alikaa mkabala na mimi, ng'ambo ya barabara. Mnyamwezi wa Tabora, mstaafu wa reli, na kofia yake ya kazi haikutoka kichwani hata siku moja tangu astaafu. Alikuwa mtani wangu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana haki zake: anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akamkamata kuku wako akamla, akakaa juu ya jeneza la mtu wako hataki kunyanyuka mpaka mumpe kitu. Na wewe vilevile kwake. Anachopora mtani hakidaiwi. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi, nacho ni kununa.

Tangu siku ile kila turubai lilipokodiwa, Leonardi alilipitisha kwenye mkokoteni mbele ya mlango wangu, hata kama shughuli iko upande mwingine kabisa.

"Mtani!" anapaza sauti. "Njoo umsalimie mwanao!"

Mimi nafunga dirisha.

Kampuni yetu tuliiita Hifadhi. Wateja wakaja, na kwa miezi miwili nilitembea Kiwalani nzima nimejitanda kanga mpya, nikisalimiwa kama waziri. Kisha asubuhi moja nikaona fundi anapaka rangi ya njano chumba cha mbele cha Leonardi. Juu ya mlango paliandikwa: DAFINA KOMPYUTA, DATABESI ZA KISASA. Ndani alikaa Albano, mtoto wa dada yake Leonardi, aliyesoma kozi ileile na Najma, tena dawati moja.

"Mtani, hii nini?" nikamuuliza nikiwa katikati ya barabara, mikono kiunoni.

"Ushindani," akasema. "Si ndiyo mambo unayopenda?"

Ndipo ngoma ilipoanza. Najma alikuwa na bei ya heshima. Albano akaipunguza. Najma akashuka chini yake, akaongeza mafunzo ya bure. Albano akashuka tena, akaongeza kalenda na kifuniko cha plastiki cha kuzuia vumbi. Najma akasema atamtembelea mteja kila wiki bila malipo. Albano akasema naye atamtembelea, na atakuja na soda. Mimi nikaona utani umezidi, nikapika pilau: ukinunua databesi kwa Hifadhi unakula. Leonardi akachinja mbuzi. Mwenye gesti mmoja wa Madale alikuwa anashuka Kiwalani kila Ijumaa kusikiliza maelezo ya programu zote mbili, anakula huku, anakula kule, anafuta mdomo, anasema bado anatafakari.

Wateja walikuwa wanacheka mpaka jino la mwisho. Na mimi kila walipocheka niliuza viti. Hapo ndipo nilipoonja upande wa pili wa ule utamu wa sokoni: kumbe muda wote nilipokuwa napunguza bei ya kanga, kulikuwa na mtu nyuma ya ile meza naye ana shangazi yake, na shangazi ana turubai lake.

"Usihofu," Najma alinituliza. "Mteja akishatia majina yake kwetu hawezi kuhama. Programu ya Albano haisomi mafaili yetu, na yetu haisomi yake. Kuhama ni kuandika upya kila kitu. Nani ana muda?"

"Kwa hiyo wamenasa?"

"Wamenasa, shangazi."

Nikafurahi. Nilikuwa nimeshakuwa mwenye hisa, nafurahia watu kunasa.

Halafu ikaja kazi kubwa. Kulikuwa na chama cha kuzikana kiitwacho Tushikane, kina wanachama kuanzia Kiwalani hadi Kimbiji. Mwenyekiti wake alikuwa Bi Mwanabaraka, mjane mwembamba, sauti ndogo, macho makubwa. Alikaa kwenye kiti cha Hifadhi akaeleza shida yake.

"Mwanachama akinifia Kimbiji asubuhi, mie nataka sanda iwe njiani kabla jua halijapanda. Sasa daftari liko kwa katibu, katibu kaenda shamba Madale, na funguo ya kabati kaondoka nayo. Tunamsitiri mtu kwa kubahatisha. Hicho chuma chenu kinaweza kuniambia nani ni nani?"

"Papo hapo, mama," alisema Najma.

"Na chenyewe kikifa?"

"Hakifi, mama."

Bi Mwanabaraka akamtazama kwa huruma. "Kila kitu kinakufa, mwanangu. Mie ni mwenyekiti wa maziko."

Akavuka barabara, akamuuliza Albano swali hilohilo, akapewa jibu hilohilo. Basi akaamua kuwapima. Majina ya wanachama wa Kiwalani akampa Najma, ya Kimbiji na kwingineko akampa Albano, waende wakayatie kwenye kompyuta. Jumamosi alasiri angekuja na wajumbe wake, wawili hao waonyeshe kazi, na atakayemridhisha achukue chama chote.

"Tukiikosa hii," Najma aliniambia, na safari hii hakutabasamu, "mwisho wa mwezi tunafunga mlango."

Nilisali mpaka Leonardi akaniuliza kutoka ng'ambo kama nimeajiriwa msikitini.

Jumamosi asubuhi umeme ulirudi baada ya mgawo. Najma akawasha kompyuta amalizie kazi. Pu! Cheche, moshi, na harufu ya nyama choma. Tulipofungua mgongo wa mashine tukamkuta mjusi. Maskini alikuwa ameingia kutafuta joto, akalala palepale umeme unapopita.

"Nakala?" nikauliza. Neno hilo nilikuwa nimeshalijua.

"Disketi zina kazi ya wiki iliyopita tu. Majina ya wiki hii yote yako kwenye diski humu ndani." Najma alipapasa mgongo wa mashine. "Diski yenyewe naamini ni nzima, shangazi. Lakini itasomwa na nini? Nahitaji kompyuta nyingine, na Kiwalani nzima nyingine ni moja tu."

Sote wawili tukageuka tukatazama ule mlango wa njano.

Sijui nani alipeleka habari, maana Kiwalani kuta zina masikio na midomo pia. Nilichosikia ni kilio. Kilio cha mtu mzima, kirefu, cha kupanda na kushuka. Nikatoka nje. Leonardi alikuwa anavuka barabara amevaa koti lake la reli ndani nje, chungu kimekaa juu ya ile kofia, machozi ya mate mashavuni. Nyuma yake Wanyamwezi wote wa mtaa, wake kwa waume, wamefunga kanga viunoni, na mkokoteni. Na kwenye mkokoteni, turubai langu.

"Uuuwi! Mtani wangu kafiwaaa!"

Kabla sijafumbua mdomo walishalisimamisha. Kijani kikafunika uwanja wangu wote kama zamani, moyo wangu ukaruka kama mbuzi, kisha ukakumbuka kuwa si langu. Wakaingia ndani, wakaitoa kompyuta, wakailaza kwenye jamvi, wakaifunika shuka jeupe. Leonardi akapiga magoti, akatoa pamba mfukoni, akaijaza taratibu kwenye ule mdomo wa disketi.

"Mnaona pua yake?" akawaambia waombolezaji. "Ilikuwa nzuri, imefanana na ya Tabu."

Watu wakaangua kicheko. Mtaa mzima ulikuwa umeshajaa. Leonardi akasimama, akaanza kumsifu marehemu.

"Alikula umeme wa watu akashiba! Alijua majina ya wote, hakumsalimia hata mmoja! Na huyu mjusi ndiye mlinzi wake, kafa kazini, naye azikwe kwa heshima! Ewe Tabu, nani atakupikia hesabu sasa?"

Najma alikaa mlangoni amejifunika uso. Mimi nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga na mwiko, nilitaka kulia. Na katikati ya vurugu ile, nikaona watu wanampisha mtu njia. Bi Mwanabaraka.

Tushikane walikuwa na desturi yao. Likionekana turubai limefungwa mahali na kilio kinasikika, mjumbe hufika kabla maji ya kuoshea hayajachemka. Yeye aliliona lile la kijani tangu barabara kuu, na nani asiyelijua? Akaja mbio na wajumbe wake, kanga nyeusi kichwani, sanda kwapani.

"Innalillahi," akasema kwa sauti yake ndogo. "Nani, Bi Tabu?"

 Hata watani walimeza mate.

"Kompyuta, mama," alijibu Leonardi. Naye alishaona mambo yamekuwa makubwa, kavua chungu. "Kompyuta na mjusi wake."

Bi Mwanabaraka aliinua ncha ya shuka. Akaitazama ile pamba muda mrefu.

"Majina yangu yamo humu?"

"Yamo," nikasema. 

"Kiwalani yote?"

"Yote."

 Akaketi jamvini, akaweka ile sanda mapajani, akasubiri, kama anavyosubiri katika kila msiba. Nikaona mwisho wangu umekaa pale jamvini. Turubai langu liko juu ya kichwa changu na limekwenda, kampuni yangu iko chini ya shuka na imekwenda, na mteja wangu kashika sanda. Basi hasira zikanipanda kutoka kwenye nyayo. Lakini hasira zangu mimi huja na akili kidogo, na akili ikaniambia: Tabu, nani kaleta turubai hapa?

"Leonardi!" nikapaza sauti. "Umelia?"

"Nimelia, mtani."

"Umesimamisha turubai, umetandika, umetia pamba. Umetangaza msiba mbele ya watu?"

"Si unaona?"

"Haya. Tangu lini mtani akalia akaondoka? Kwenu Tabora mtani hufanya nini baada ya kulia?"

 Wazee wa kwao wakaanza kuguna, maana wanajua. Mtani hucheza, lakini mtani ndiye pia anayechimba, anayepika, anayeshughulika na maiti wakati wenyewe wamelegea kwa machozi. Usipofanya, vicheko vyote ulivyocheka vinakugeukia kuwa matusi ya kweli.

"Mtani huosha," akajibu bibi mmoja wa Kinyamwezi, tena kwa sauti.

"Ahsante, bibi! Basi aoshe! Mtu wangu huyo hapo. Mfungueni, mumtoe kilicho hai ndani yake, mukiweke kwenye mashine yenu. Mimi mfiwa, siwezi." Nikajitupa jamvini, nikajifunika kanga.

Albano alikuja mbio kutoka ng'ambo. Kijana mpole, miwani, shati limechomekwa. "Shikamoo mama," akaniamkia kwanza, halafu akamgeukia mjomba wake, amechanganyikiwa. "Mjomba, hawa washindani wetu! Wao wakikosa, alasiri kazi ni yetu yote. Tukiwasaidia tunajikata wenyewe. Pesa zako, mjomba!"

Ile ilikuwa kweli, na kila mtu aliijua. Leonardi alikuwa ametia kiinua mgongo chake chote cha reli katika ule mlango wa njano. Akatazama juu, akalitazama turubai kama vile limeandikwa kitu. Akavua koti, akalirudisha upande wake, akalivaa vizuri.

"Osha," akamwambia Albano.

Wakaleta kompyuta ya Dafina na jenereta, kwa sababu umeme, kwa kawaida yake, ulikuwa umeshakatika tena. Najma alifuta macho. Yeye na Albano walikuwa hawajasalimiana tangu siku ya rangi ya njano, na sasa wamebanana juu ya meza moja wakinyang'anyana bisibisi. Wakaitoa diski kwenye maiti, wakaiunga kwenye mashine nzima. Mashine iliiona, lakini programu ya Albano ikakataa kuyasoma yale mafaili.

"Si uliniambia hawahami?" nilimnong'oneza Najma, na mara ile nikajisikia mjinga.

"Tuyamimine," Albano akasema. "Wewe washa programu yako hapa, uyatoe majina matupu, bila mapambo. Mie nitayapokea."

Najma akamtazama, akacheka kidogo. "Ungesema hivyo miezi sita iliyopita, tungekula pilau yote ile wenyewe."

Wakaanza kumimina, kama maharage kutoka debe kwenda gunia. Majina yakawa yanapanda kwenye skrini, na watu wa mtaa wamejazana nyuma wakiyasoma kwa sauti. "Huyo mie! Huyo mama mkwe! Ah, huyu naye mwanachama, na michango halipi!" Bi Mwanabaraka hakunyanyuka.

Ghafla jenereta likakohoa. Likakohoa tena, likanyamaza. Skrini ikawa nyeusi tii.

Kila mtu alishika kichwa, ila mimi. Mimi niliruka kutoka jamvini kama msichana.

"Uuuwiii!" nikapiga ukunga mpaka kuku wakakimbia. "Mtani wangu kafiwaaa! Kompyuta ya Leonardi imekufa! Wazaramo mko wapi?"

Wazaramo walikuwa pale pale, wanangoja tu kuitwa. Wakavua viatu, wakageuza mashati, mwingine akakamata mbuzi wa Dafina aliyebaki, mwingine akabeba kile chungu. Mimi sikuhitaji mbuzi. Nilikwenda kwenye kamba. Nikafungua ya kwanza, ya pili, upande mzima ukaporomoka juu ya vichwa vya Wanyamwezi, watu wakawa wanatambaa chini ya kijani wakicheka na kupiga kelele, na mimi nikakaa juu ya ncha iliyobaki, nimenyoosha miguu.

"Nimepora!" nikatangaza. "Mwenye kununa anune!"

"Mama, petroli tu imekwisha," alisema Albano, kichwa kimetokeza kwenye ukingo.

"Alipokata roho nilikuwepo!"

Mtu akanyonya petroli kwenye pikipiki yake, jenereta likanguruma, skrini ikawaka. Walirudia kumimina pale yalipokomea, na yote yakafika. Kufufuka ilifufuka, lakini kilichoporwa kimeporwa. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana juu ya hilo, wakiwa bado wanajitoa majani kwenye nywele.

Bi Mwanabaraka akasogea mezani. Vicheko vikapungua vyenyewe.

"Nitafutieni Farhan Suhaib," akasema.

Najma aliandika. Jina lilikuja papo hapo: Farhan Suhaib, Kiwalani, mwanachama mwanzilishi, na tarehe aliyofariki. Lilikuwa limetiwa na Najma kwenye mashine iliyokufa, na sasa liko kwenye mashine ya jirani, herufi zote zimekamilika. Bi Mwanabaraka akaligusa kwa kidole juu ya kioo.

"Mume wangu," akatuambia. "Chama hiki alikianzisha yeye. Niliposikia mashine imekufa nikadhani mmempoteza."

 Hata Leonardi alishika kofia.

"Nyie wote wawili mlinidanganya," akaendelea, kwa sauti ileile ndogo. "Mlisema haifi. Leo nimeiona imekufa, nimeiona imeoshwa, nimeona majina yangu yamehamia kwa mwingine salama. Hilo ndilo nililokuwa nataka kuliona, na hakuna aliyenionyesha kwa pilau wala kwa mbuzi. Kazi nawapa wote. Huyu atatunza, na huyu atatunza, na kila mwezi mtabadilishana majina mbele yangu. Na bei iwe ya mtu anayetaka kuishi. Mkiuana kwa kupunguziana bei, maiti wangu wanabaki yatima."

Nimesikia wataalamu wengi tangu siku ile wakizungumza redioni juu ya mitaji na masoko. Sijasikia aliyesema zaidi ya hapo.

Nyie mnaopenda ndoa tulieni, Najma na Albano hawakuoana. Hata kampuni hazikuungana. Jumatatu yake walikuwa wanagombea zahanati moja ya Temeke kama paka wawili. Ila sasa kila mmoja aliandika mlangoni kwamba anasoma mafaili ya mwenzake, na wateja wakaongezeka, kwa sababu watu huingia kwa moyo mweupe kwenye nyumba yenye mlango wa kutokea. Viti vyangu nikaanza kuvinunua tena.

Lakini nirudi Jumamosi ileile. Jioni, watu walipotawanyika, nilikuwa nalikunja turubai langu pole pole. Lilinuka tumbaku ya Leonardi. Kwenye kona ile iliyochanika siku nyingi, ambayo kila mwaka nilisema nitaishona, nilikuta kiraka kizuri, uzi mara mbili. Nikainua macho, mwenyewe amesimama ukingoni mwa barabara.

"Umekuja kulililia?" nikamchokoza.

"Ya nini? Limeporwa kwa haki."

"Umepata hasara, mtani. Ulilipa ghali kuliko yule wa Mbagala. Mjinga weye."

Akajikuna shingo. 

"Yule wa Mbagala si mtani wako, Tabu," akasema. "Lingekwenda kwake, ungelipora vipi?"

Nikabaki nimeshika kona yenye kiraka.

"Nilikuwa nakupitishia mlangoni kila wiki," akaendelea, sasa analalamika kabisa. "Nasukuma mkokoteni, mgongo unaniuma, nasema leo atatoka, leo atalivuta, tucheke yaishe. Wewe unafunga dirisha! Mzaramo gani wewe unanuna?"

Nililia, nasema wazi, nililia mbele ya mtani wangu, jambo ambalo hata mama yangu asingenisamehe. Nililia na kucheka kwa pamoja mpaka kwikwi ikanishika. Kisha nikamsogelea, nikamvua ile kofia ya reli kichwani, nikaivaa mimi, nikaingia nayo ndani nikafunga mlango.